Kinyozi wa Mkono wa Kushoto

Nzioka rafiki yangu,

Vitabu vyetu vya katuni vya wiki hii vimetoka na hakuna hata kimoja ninachokiamini.

Naanza na Kaka Ukungu kwa sababu najua wewe ungeanza naye. Amefufuka. Ni yule yule aliyelipuliwa ndani ya mnara mwaka jana, tukamwomboleza mimi na wewe hapa kwenye duka langu la kunyoa mpaka mteja mmoja akauliza ni nani amefiwa. Sasa yuko kwenye jalada, koti lake linafuka vile vile, na maandishi makubwa yanasema kwamba safari hii amerudi kabisa. Kabisa ya nini? Mara ya mwisho walisema amekufa kabisa. Wewe ulikuwa na kanuni yako, kwamba katika vitabu vya mashujaa maiti isiyoonyeshwa uso si maiti, na kweli jeneza la Kaka Ukungu lilikuwa limefungwa tangu ukurasa wa kwanza. Nilipomwona amesimama juu ya paa nilishika simu nikupigie nikucheke. Halafu nikakumbuka kwamba wewe nilikunyoa mwenyewe kule mochari. Nilikunyoa ndevu zote, nikakupaka ile spiriti uliyokuwa ukilalamika kwamba inachoma, na hukulalamika. Kwa hivyo kuhusu kifo chako sina shaka. Mengine yote nimeyatilia shaka tangu siku ile.

Wale Saba, kile kikosi cha mashujaa, nao wana msaliti. Wako kumi na moja siku hizi lakini mimi bado nawaita kwa jina tulilowabatiza. Kuna mtu amefungua lango kutoka ndani, maadui wakaingia, na mwandishi anataka tumshuku yule dada mwenye mabawa kwa sababu alichelewa mkutanoni. Mimi simo katika mchezo huo. Mimi namshuku yule mpishi wao, mcheshi, anayewapikia wote na kuwauliza habari za mama zao. Mtu anayecheka na kila mtu huwa ana mahali anapokwenda. Nasikia sauti yako ukisema, "Kamau, wewe unashuku hata mvua." Wewe uliwaamini wote mpaka ukurasa wa mwisho, na hata baada ya ukurasa wa mwisho ulimtafutia msaliti sababu: labda alitishwa, labda alikuwa na mgonjwa nyumbani. Nilikuwa nikikucheka kwa hilo. Ukweli ni kwamba nilikuonea wivu.

Halafu kuna Bibi Saa, yule mwanamke anayesimamisha wakati kwa kuzuia pumzi. Wameanza tena toleo la kwanza, kama kanisa linalobadilisha jina kila washirika wakigombana. Majalada ni matatu tofauti, na ndani ni kitabu kimoja. Hizo ni njama za kutuuzia kitu kile kile mara tatu, na mimi nimesoma kwenye simu kwa hivyo hawakunipata. Kisa chenyewe si kibaya. Mumewe hutoweka saa fulani kila juma, naye anaamua kusimamisha wakati ili amfuate ajue anakokwenda. Nilipofika hapo nilizima simu. Sikuweza kuendelea, na sababu ni wewe.

Nikueleze ilivyokuwa tulipokuzika.

Tulikuzika kwenu Mwala, kwenye ule mteremko uliopenda kuusifu. Watu walijaa. Wazee wenzako wa kanisa walisema maneno mazuri, na wenzako wa bohari kule Industrial Area ulikokuwa karani walikuja wote, hata yule meneja uliyekuwa ukisema hajui kutabasamu. Alilia kidogo. Na kulikuwa na msichana ambaye hakuna aliyemjua. Alivaa suruali nyeusi, ana begi kubwa bapa begani, na alilia kuliko shangazi zako, na shangazi zako unawajua. Wakati wa kutupa udongo alisogea mbele, akaingiza mkono mfukoni, akatupa kalamu kaburini. Ilikuwa kalamu ya kawaida tu, ya wino mweusi. Niliisikia ikigonga mbao. Kisha akaondoka kabla ya chakula.

Mtu anayeondoka mazishini kabla ya chakula ana jambo. Shangazi zako walianza kumjadili hata kabla hajatoka, wakikata vitunguu, na wao hawajui kunong'ona. "Lisemwalo lipo," mmoja alisema, "kama halipo laja." Mama Mwende, mkeo, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki si mbali na hapo, amejifunika leso, anatazama chini. Alisikia kila neno.

Baada ya siku chache alikuja dukani. Unajua kwamba mkeo alikuwa hajawahi kukanyaga duka langu tangu nilipofungua hapa Jericho. Alikuwa akisema ni mahali pa wanaume kupotezea wakati. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti, akasema, "Shemeji, hizi Jumamosi alikuwa anakaa hapa mpaka jioni, ama?"

Nzioka, ulikuwa ukiondoka mchana. Ulikuja asubuhi, tukachambua vitabu vya wiki, tukabishana mpaka wateja wakachagua upande, kisha ukatazama saa ukasema, "Haya, wacha niende nyumbani." Miaka yote nilijua uko kwa mkeo. Miaka yote mkeo alijua uko kwangu. Nilikuwa na mashine mkononi na kichwa cha mtu kilichonyolewa nusu. Nikasema, "Ndio shemeji, alikuwa hapa." Akasema asante, akaenda, na yule mteja akatoka na mstari uliopinda kisogoni.

Kuanzia hapo nilikushuku. Nilianza kukusoma upya kama ninavyowasoma Wale Saba, nikirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nikakumbuka lile shati lenye doa jeusi kwenye mkono, ukasema ni mashine ya kuchapisha kule kazini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukifunika simu ikilia Jumamosi. Nikakumbuka siku niliyokuambia Mama Mwende ana bahati, mume wake hana mambo mengi, nawe ukatazama pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Huyu mtu nilicheza naye Maringo tukiwa hatuna viatu, tulisoma naye vitabu vilivyochakaa vya mitumba, kimoja kikikosa ukurasa wa mwisho tukautunga wenyewe, kumbe amenifanya mimi ukuta wa kujifichia. Na alikuwa mzee wa kanisa. Nilikasirika sana. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na wewe, mtu uliyemtetea kila msaliti wa karatasi, hukuwepo kujitetea. Mimi nilikuwepo, na sikukutetea hata moyoni.

Mama Mwende aliacha kunipigia simu. Nilisikia kwa watu kwamba hata picha yako ya sebuleni ameitoa.

Sasa tuje kwa Bi Stima.

Kitabu chake cha wiki hii nilikinunua Buruburu, pale dukani kwa vifaa vya shule, kwa mazoea tu. Sikuwa na hamu. Unajua msimamo wangu kuhusu Bi Stima, tumeugombania vya kutosha. Wazo lake nalipenda: mwanamke wa makamo anayevuta umeme kutoka kwenye nyaya za mtaa, na kila akimshinda adui mtaa mzima unalala gizani, watu wanamtukana badala ya kumshukuru. Hilo ni wazo la mtu anayetujua. Lakini mchoraji! Huyo anayejiita Mwana Fundi! Tangu toleo la kwanza nimesema aliyekichora ni kijana wa mtaa wa matajiri ambaye hajawahi kukatikiwa stima. Mikono ya Bi Stima ni kama vijiko. Leso amefunga juu ya nguo ya vita kama anayekwenda kuteka maji. Na anavyosimama, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye paji la uso, nilikuuliza mbele ya wateja ni shujaa gani anayesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Wewe ulicheka mpaka ukafuta machozi. Ulisema, "Mikono ni migumu, Kamau." Ulisema pia kwamba ule ukurasa ambapo anaosha vyombo baada ya vita umechorwa vizuri. Nilikukatalia.

Toleo la wiki hii, kwa mara ya kwanza, anapigana mtaani kwetu. Siyo mjini, siyo Industrial Area. Hapa hapa Jericho, mbele ya duka langu. Nilipatambua mara moja, kisha mara moja nikaona kosa. Ukisimama mlangoni pangu ukitazama barabara, kanisa la mabati liko mkono wa kulia, na kibanda cha Wanza cha mandazi kiko mkono wa kushoto. Kwenye kitabu, picha ikitazama barabara kutoka mlangoni pangu vile vile, kanisa liko kushoto na Wanza yuko kulia. Hata mlingoti wa stima, ule uliogongwa na lori ukainama upande wa Wanza, umeinama naye kulia. Nilifurahi, Nzioka. Hakuna raha kama ya kumkamata mchoraji. Nikasema, mnaona? Hajawahi kufika, ameuchora mtaa wa watu kwa kusimuliwa.

Kisha mbele ya picha hiyo hiyo, upande wa ndani wa mlango, nikaona kinyozi. Ana kitambi changu na ile kofia yangu ya sufu ninayovaa hata jua likiwaka. Ameshika mashine kwa mkono wa kushoto. Mimi situmii mkono wa kushoto hata kushika mwavuli.

Duka lilikuwa tupu. Nilikaa kwenye kiti chako, kile cha mbele ya kioo ulichokuwa ukikikalia kukiwa hakuna mteja, mgongo wako ukielekea barabarani. Mashine ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikainua macho. Ndani ya kioo kanisa lilikuwa kushoto. Wanza alikuwa kulia, anageuza mandazi. Na mtu mwenye kitambi na kofia ya sufu alikuwa akinitazama, ameshika mashine kwa mkono wa kushoto.

Kuna mtu mmoja tu duniani aliyeutazama mtaa huu kwa kioo. Nilikuwa nikikuambia ugeuze kiti utazame watu vizuri, na jibu lako lilikuwa lile lile: "Kumkodolea mtu macho ni kukosa adabu, lakini kioo hakina lawama." Ulikuwa ukichora chora kwenye kingo za gazeti la mteja, mimi nikidhani ni kupitisha wakati tu, na jioni nikifagia karatasi pamoja na nywele.

Wazo langu la kwanza halikuwa zuri. Nilisema umeibiwa. Yule msichana mwenye begi bapa alikuzoea, akakuchotea michoro, na sasa anakula jasho la maiti. Kila kitu kilikaa mahali pake: begi, machozi, kuondoka kabla ya chakula. Nyuma ya kitabu kuna anwani, chumba cha ghorofani juu ya duka la dawa huko huko Buruburu. Jumamosi nilifunga duka, nikakunja kitabu mkononi kama mtu anayekwenda kuua nyoka, nikapanda ngazi.

Ni yeye aliyefungua mlango. Anaitwa Shiru. Kabla sijasema neno alitazama kofia yangu, akaweka mkono mdomoni. "Wewe ni Kamau wa kinyozi," alisema. Nikamwambia mimi ndiye, na nimekuja kujua ni nani aliyemruhusu kuchapisha kazi ya marehemu. Akageuka akawaambia wenzake, kulikuwa na vijana watatu kwenye meza zao, "Wasee, huyu ndiye Kamau." Wote wakasimama. Nzioka, wale watoto walisimama kana kwamba mkaguzi wa shule ameingia. Mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Uncle, ni wewe ulisema mikono za Bi Stima ni kama vijiko?"

Sikuwaamini hata hivyo. Nilitaka karatasi. Shiru akafungua lile begi bapa, akanitolea kurasa moja moja, kubwa, za penseli na wino juu yake. Zilikuwa kazi yako. Pembeni mwa kila ukurasa uliandika kwa mwandiko wako wa karani: "Kamau anasema mabega ni ya mwanamume." "Kamau anasema paa hili haliwezi kubeba mtu." "Kamau anasema hakuna anayekimbia hivi." Kumbe kila Jumamosi ulitoka kwangu na maneno yangu yote, ukayapandisha ngazi zile, ukakaa dirishani ukayatengeneza. Mwana Fundi. Baba yako alikuwa mchonga vinyago maisha yake yote, na mimi nikatafuta mtoto wa tajiri.

"Mzee alikuwa anakam hapa Sato amewaka," Shiru aliniambia, yaani kila Jumamosi ulifika umechemka. "Anasema, leo Kamau amenimaliza. Halafu anachora mpaka giza." Nilimuuliza kwa nini hukuniambia. "Alisema ukijua ni yeye utaanza kumhurumia. Akasema, rafiki akishakuhurumia kazi imekufa."

Na mke je? Kwa nini umfiche mkeo, mtu mzima, mzee wa kanisa? "Alikuwa anasema atamwonyesha kikitoka kizuri. Kila toleo likitoka tunamuuliza, na yeye anasema bado." Sikupenda kusikia hilo, maana najua ni nani aliyekuwa akikuambia bado.

Nilimuuliza pia kuhusu kalamu. Nilitaka kuona kama atatikisika. Hakutikisika. Alisema ilikuwa yako, uliisahau mezani Jumamosi ya mwisho, naye hakuona haki kubaki nayo. Na chakula, nikasema, mbona hukungoja chakula? Akaangalia chini. "Nilisikia wale mashosho wa vitunguu wakiniongelea," alisema. "Nikaona heri niende." Alilia tena hapo, na wale wengine wakajifanya wanatafuta kitu chini ya meza. Kuna meza moja dirishani ambayo hakuna anayeikalia. Nilitoka pale bila kusema kwaheri vizuri.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Umoja kwa Mama Mwende. Nilikuwa nimefunga vitabu vyote vya Bi Stima kwenye gazeti, tangu cha kwanza. Aliponiona na furushi hakunikaribisha haraka. Ukuta wa sebule ulikuwa na alama nyeupe mahali ilipokuwa picha yako. Nikamwambia nimejua ulikokuwa ukienda. Alikaa. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, shemeji," nikasema, "lakini ni wa karatasi."

Nilimsimulia yote. Nilianza na lile nililomdanganya pale dukani, nikaenda mpaka ngazi za Buruburu. Hakuonyesha kuamini, na sikumlaumu. Alivaa miwani, akachukua toleo la wiki hii, akaanza kusoma polepole, akipitisha kidole chini ya maneno kama anavyosoma Biblia. Kanisa halikumshtua. Alimtazama yule kinyozi, akanitazama mimi, akaendelea. Mimi nilikuwa nikimchunguza uso kama mshtakiwa anayengoja hakimu, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba michoro haitoshi, kwamba mtu anaweza kuchora mchana na bado akawa na mambo yake, kwamba nitatoka hapo na picha yako itabaki ilikofichwa.

Alifika pale vita vinapokwisha. Mtaa uko gizani, watu wanatukana. Bi Stima anafika kwake, anafungua mlango, mumewe yuko ndani na mshumaa anasoma gazeti. Bi Stima, kabla ya salamu, anasema, "Kama hakuna maziwa useme sasa, kabla sijavua viatu."

Mama Mwende aliweka kidole kwenye maneno hayo asikiondoe. Alisema, "Haya ni maneno yangu."

Akarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, haraka sasa. Akasogeza kitabu karibu na uso. "Hii leso ni yangu. Hapa nilichoma na pasi." Na kweli, Nzioka, kwenye pindo la leso ya Bi Stima kuna doa dogo la pembetatu. Nimelitazama tangu toleo la kwanza, nikasema mchoraji amemwaga wino. Mama Mwende akainuka, sijui alikuwa akienda wapi, akasimama katikati ya sebule, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye paji la uso. Nilimwona. Nilimfahamu huyo shujaa tangu zamani nisijue.

Alilia kwa muda mrefu, na mimi nililia naye, sioni aibu kuandika. Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau. "Nilidhani hanisikii. Miaka yote nikiongea anasema mm, mm, ameangalia gazeti. Kumbe alikuwa anasikia."

Akaniomba vile vingine. Akavipanga mezani vyote kwa mfuatano wake na akaanza na cha kwanza, na chai ikapoa bila mtu kuigusa. Alikuwa akicheka peke yake. Mara moja alisema, "Hapa amekosea, mimi nisingemwacha huyu mwizi aende," na mimi nikaona kwamba ana jicho. Nilipoondoka picha yako ilikuwa imerudi ukutani. Aliining'iniza mwenyewe, imeinama kidogo, sikuthubutu kumwambia.

Sasa nikupe hukumu ya wiki. Kaka Ukungu ni uongo. Wale Saba subira, lakini bado namshuku mpishi. Bibi Saa nitarudi kwake, nadhani sasa naweza kusoma mpaka mwisho nijue mumewe alikuwa wapi. Kitabu cha wiki ni Bi Stima, na sisemi hivyo kwa sababu umekufa. Ukurasa wa mapigano umejaza mambo mengi mno, mtu hajui atazame wapi. Ule wa maziwa na viatu ni mzuri kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka huu, na ningekuambia hivyo hata kama nisingejua ni wewe. Naamini ningekuambia. Hilo nalo sina hakika nalo, na ndilo linaloniuma.

Bado nina hasira nawe. Ulilitumia jina langu kama kisingizio bila kuniuliza. Uliniacha nikushuku, nami nilikushuku vibaya, mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ungesema neno moja tu. Lakini pia nimekaa nikafikiri juu yako ukipanda ngazi zile kila Jumamosi na maneno yangu makali mfukoni, na sijui ni rafiki gani mwingine angeyabeba hivyo.

Shiru anasema kuna toleo moja uliloliacha limekamilika, isipokuwa kurasa za mwisho ambazo ni penseli tupu. Watalitoa na penseli hivyo hivyo. Ameahidi kwamba safari hii jina lako litaandikwa kamili, Nzioka, siyo Mwana Fundi. Ni msichana mwaminifu, lakini mimi ahadi za wachapishaji nazijua. Ndiyo maana nakuahidi kwamba siku ya kuchapa nitafunga duka, nitakwenda nisimame kando ya mashine, na karatasi ya kwanza itakayotoka nitaisoma mimi. Ikikosa jina lako haitoki nyingine.

Lala salama, ndugu yangu. Mama Mwende anakusalimu. Anasema ungemwambia tu unamchora. Angevaa leso nzuri na angesimama vizuri.

Ni mimi wako,
Kamau